Kijito Kilichohamisha Avenyu Yetu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, shefu wa kartie ya ng'ambo, mkuu wa mtaa ule, alivuka ubao wa kijito chetu akiwa na wanaume wanne, buruweti mbili za kubebea udongo na mfuko mkubwa wa mikate. Nilitazama saa kwa sababu salongo yetu huanza saa kumi na mbili na nusu, na mtu anayewahi kazi ya bure hunitia shaka.

Salongo ni kazi ya wote ya Jumamosi. Leta, yaani serikali, inaitaka, maduka hayafunguliwi mpaka iishe, na anayekosa hufuatwa nyumbani ili alipe faini. Kila avenyu husafisha mifereji yake na kufyeka majani yake. Sijawahi kuona avenyu ikienda kuisaidia nyingine. Kwa hiyo nilipowaona watu wa ng'ambo wakishusha machepe mapya upande wetu, machepe ambayo mipini yake ilikuwa bado na karatasi ya dukani, nilijiuliza nani ameyanunua.

Inabidi nieleze tulivyokaa. Kijito kinashuka kutoka vilimani, na kilipofika kwetu kilikuwa kinapinda kama kiwiko. Kiliizunguka avenyu yetu karibu yote, kisha kikarudi kushika njia yake ya kuteremka. Sisi tulikuwa ndani ya kiwiko hicho. Maji yalikuwa mbele yetu na pande zetu mbili. Nyuma yetu tu ndiko kulikuwa na nchi kavu, na huko ndiko mji wetu ulikoendelea. Ng'ambo ya maji ni komini nyingine, yenye ofisi na washauri wake. Tangu Bunia igawanywe katika komini, mpaka ni kijito, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kila msimu wa mvua kijito kilijaa na kuingia ndani ya nyumba. Walioumia zaidi ni watu wa mwisho wa avenyu, kule chini, ambako kodi ni ndogo. Wengi wao ni familia zilizokimbia vita vya Djugu. Ukipita huko baada ya mvua ungekuta magodoro yameanikwa juu ya nyua, na wanawake wakichota tope ndani ya vyumba kwa sahani.

Shefu wa ng'ambo ni mtu mnene kidogo, mwenye sauti ya taratibu. Anajua kumpa kila mtu heshima yake, muzee, mama, yaya yaani dada mkubwa, hata wale asiowajua.

"Siye na nyiye tuko na maji moja," alituambia tulipokusanyika. "Ikijaa inawapiga nyiye kwanza, kisha inakuya kutupiga siye. Nimekuya na wazo. Tuikatie njia hapa nyuma yenu, moja kwa moja. Iache kuzunguka."

"Shefu wetu anajua?" niliuliza.

"Shefu wenu iko Nyankunde, bibi yake amelazwa. Nilimupigia simu. Alisema tufanye."

"Alikuambia weye mwenyewe?"

"Aliniambia miye, muzee. Ulitaka aambie nani, redio?"

Watu walicheka. Jirani yangu, fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kuuacha mzaha upite bila kuupanda, aliongeza: "Musimushangae huyu. Anafungaka sola, anapimaka kila kitu. Kesho atapima mukate yenu kama iko na moto."

Ni kweli kwamba nafunga paneli za sola, na ni kweli kwamba napima. Niliacha shule darasa la sita. Yale ninayoyajua niliyapata peke yangu, kwa vitabu vilivyotumika na kwa kuharibu betri za watu wachache wenye subira. Kazi hiyo imenizoesha jambo moja: kama taa inawaka na sijui umeme unatoka wapi, siondoki.

Lakini siku ile nilichukua chepe kama wengine. Kiangazi kilikuwa kimeanza, ardhi ilikuwa bado laini, na saa tatu kamili walitupa chai ya maziwa na mkate mzima kila mtu. Salongo yetu ya kawaida ilikuwa inaisha saa nne, bila chai. Jumamosi iliyofuata walitokea hata wale waliokuwa na desturi ya kuugua kila Jumamosi.

Katika hao waliofurahi, aliyefurahi zaidi alikuwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Alifika kwetu miaka kadhaa kabla, kutoka upande wa Kpandroma, pamoja na watoto wake, bila mume, kwa kuwa mume aliuawa njiani. Alianza kwa kuuza viazi sokoni, akakodi chumba kule chini ambako maji huingia, na kidogo kidogo akawa mtu ambaye wanawake wa huko humfuata wakiwa na shida. Ndiye aliyesimama mlangoni kwa wahusika wa bomba la maji mpaka likafunguliwa. Kwa sababu hiyo wanawake walimsukuma agombee kiti cha mshauri wa komini, yaani diwani. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, na tangu siku hiyo alikitaka kiti hicho kuliko wao walivyotaka akipate. Alikuwa na mpango wa shule ya chekechea, na mahali pa taka, na alijua ni mlango gani wa komini atakaoupiga kwanza. Nilimsindikiza kuweka kandideti yake, yaani kujiandikisha kugombea, katikati ya zile Jumamosi za kuchimba. Alilipa dhamana, ile tunayoiita kosyo, kwa zamu yake ya likelemba, ule upatu wa wanawake.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Komini yetu ina wagombea wengi, kura zinagawanyika vipande vidogo. Soko lingempa sehemu. Avenyu yetu, iliyojaa watu wazima wenye kadi za kura, ingempa iliyobaki. Bila avenyu, soko halikutosha.

Mimi niliendelea kuchimba na kuendelea kutafuta. Jambo la kwanza lililonisumbua lilikuwa kamba. Kila Jumamosi mtu mmoja wa ng'ambo alitangulia kuvuta kamba ili tuchimbe kwa kuifuata. Ilienda sawa, kama alivyosema shefu, mpaka ilipofika kwenye uzio wa mwalimu mmoja mstaafu. Hapo ikapinda. Ikaenda kulia, ikauzunguka uzio pamoja na vyumba vya wapangaji vilivyo nyuma yake, ikarudi kwenye mstari. Uzio wa mwalimu ukabaki peke yake upande wa pili wa mfereji.

"Kwa nini kona?" nilimuuliza mtu wa kamba.

"Chini kuko jiwe."

"Uliiona?"

"Nimeambiwa."

"Maji haipendi kona," nilisema. "Itakula ukingo."

"Basi uende uikataze, papa," alisema, na kuendelea kuvuta kamba yake.

Mwalimu yule, kila uchaguzi, ndiye anayeendesha kampanye ya listi fulani ya wagombea upande wetu, na wapangaji wake humsikiliza. Nililijua hilo. Sikuliunganisha na kitu chochote, lakini sikulisahau.

Jambo la pili lilikuwa shefu wetu. Alirudi kutoka Nyankunde mfereji ukiwa umefika zaidi ya nusu. Nilikuwa juu ya bati la nyumba ya jirani, nafunga paneli, nikamwona mke wake akishuka kwenye gari la depo ya saruji. Mwenye depo hiyo anakaa ng'ambo, na kila mtu alijua kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye listi moja ya komini ya huko. Niliteremka nikaenda kumpa pole mgonjwa. Kisha nikamuuliza mume.

"Shefu, walikupigia simu?"

"Walinipigia. Walisema banataka kusafisha muto."

"Kusafisha ao kukata?"

Alifikiri. "Kusafisha, nilisikia hivyo. Simu ilikuwa inakatika."

"Sasa umeona banakata. Mbona haukatazi?"

"Nikataze batu kulala pakavu?"

"Na gari ya depo?"

"Lifti ni lifti," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Weye ungeacha bibi yako apande pikipiki na kidonda ya operasyo?"

Nilirudi kumalizia paneli. Mpaka leo sijui nani alilipa hospitali. Alisema ni mwanawe, aliyeuza ng'ombe upande wa Aveba. Inawezekana. Lakini tangu siku ile tunasalimiana kama watu wanaosubiri kila mmoja apite kwanza.

Mfereji ulikamilika mwisho wa kiangazi. Mwenye depo alikuja mwenyewe na makreti ya soda. Alikuwa amevaa buti za plastiki zisizo na tope. Alisema maneno machache, na mojawapo lilikuwa hili: "Siye hatukukuya na siasa."

Hakuna aliyekuwa ametaja siasa. Nilimtazama fundi cherehani kuona kama amesikia. Alikuwa anafungua soda ya pili.

Wakaziba mdomo wa kijito cha zamani kwa mawe na magunia ya udongo, wakafungua mdomo wa mfereji, na maji, baada ya kusita kidogo, yakaingia njia mpya. Watoto walikimbia pembeni yake. Shemeji yangu alisimama na mikono kiunoni, akalia kidogo. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku wa siku chache baadaye. Asubuhi tuliteremka kule chini tukakuta nyumba ni kavu. Mwanamke mmoja alituita ndani ili tushike godoro lake kwa mkono.

Wiki tatu hivi baadaye, mchana, wafanyakazi wawili wa mji walipita mbele ya mlango wangu wamebeba kibao cha komini ya ng'ambo. Ni kile cha bati, chenye maandishi ya bluu, ambacho tangu kianze kuwapo kilisimama mwisho wa ubao, upande wa pili wa kijito.

"Kinaenda wapi?" niliuliza.

"Kule nyuma, mutoni," alisema wa mbele. "Inakaaka pembeni ya muto."

"Lakini hiyo nyuma ni upande wetu."

"Siye tunafuata muto, muzee. Muto ikihama, kibao inahama."

"Na siye?"

Alikiweka chini ili apumzike, akanitazama, akatazama nyumba zetu, kisha akatazama kule mfereji unakopita. Nadhani ndipo na yeye alipoelewa. "Nyiye sasa muko kwa wale," alisema, na akacheka kwa aibu. "Karibuni."

Nilikwenda moja kwa moja sokoni. Shemeji alikuwa anapanga viazi. Nilipomweleza alicheka kwanza, akaniambia nimechoka na jua la juu ya mabati. Nilimweleza tena, taratibu. Kijito ndicho mpaka. Kijito sasa kinapita nyuma yetu. Anayekaa upande huu wa maji ni mtu wa komini ya ng'ambo, na atapigia kura huko. Yeye ameweka kandideti katika komini tuliyokuwa nayo. Alikaa juu ya gunia.

"Batu yangu bote?" aliuliza.

"Bote. Isipokuwa mwalimu na wapangaji wake."

Tulikwenda komini, komini yetu ya zamani. Katibu aliyetupokea alikuwa mama mpole, aliyetupa viti kabla ya kutuuliza neno.

"Mupaka ya komini ni nini?" alituuliza baada ya kusikiliza.

"Ni muto," alisema shemeji.

"Na muto inapita wapi leo?"

Shemeji alinigeukia. Nikasema: "Kabla ya kiangazi ilipita ng'ambo."

"Nani aliitoa kule?"

"Siye."

"Leta iliwatuma?"

"Hapana. Ilikuwa salongo."

"Basi, muzee. Ofisi haikuhamisha kitu. Ni nyiye mulihama." Hakusema kwa dharau. Alimgeukia shemeji. "Mama, weye unabaki mugombea wetu, dosye yako ya kugombea iko sawa kabisa. Ni batu yako tu ndio watapiga kura kule."

"Niondoe jina niende kuweka kule?"

"Muda ya kuweka ilipita. Na kosyo hairudi."

Tulirudi na shemeji mpaka kwenye mfereji. Hapo alisimama akayatazama maji. "Shemeji," alisema, "hii niliichimba na mikono yangu. Sikukosa hata Jumamosi moja."

Kesho yake nilichukua ile nondo ndefu ninayoipigilia ardhini ninapofunga umeme wa watu, nikaenda kwenye kona ya mfereji karibu na uzio wa mwalimu. Niliipiga nyundo sehemu kadhaa, mahali ambapo kamba ingepita kama isingepinda. Kila mara iliingia yote. Hakukuwa na jiwe. Fundi cherehani alikuwa amenifuata na utepe wake shingoni.

"Labda jiwe nayo ilihama," alisema.

"Kwa hiyo unaelewa?"

"Naelewa. Miye ningekata nguo hivi ningefungwa." Aliuvua utepe shingoni, akaunyoosha juu ya kona. "Lakini huyu mutu wa depo anajua kupima. Hakuchukua hata mutu moja mwenye hamutaki. Mwalimu na listi yake amebaacha."

Nilikuwa nimetafuta wazo moja siku nzima, na nilimwambia. Tulichofungua tunaweza kukifunga. Mdomo wa mfereji si mpana. Magunia na mawe yale yale yanatosha, tuzibe hapa, tufungue kule, maji yarudi kwenye kiwiko chake, na kibao kirudi kwenye ubao wake kabla ya kura. Kama mpaka ni kijito, basi ni kijito. Fundi alikubali. "Kwa shemeji yako nitabeba hata ile jiwe yenye haiko," alisema.

Shemeji nilimwambia Ijumaa. Aliuliza kama ni kosa kwa Leta. Nilimjibu kwamba kama kukihamisha kijito hakukuwa kosa, kukirudisha hakuwezi kuwa kosa. Alifikiri, akasema: "Sawa. Bafunge." Sitaki kumpamba. Alikitaka kiti, na alikuwa na haki ya kukitaka.

Jumamosi tulifika kwenye mdomo wa mfereji, watu kama kumi, na magunia. Mawingu yalikuwa mazito juu ya vilima. Tulikuta wanawake wa kule chini wametutangulia. Walikuwa wamekaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa, ukingoni kabisa, mahali pale ambapo tungeweka gunia la kwanza. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Hawakuwa na kelele. Mmoja alikuwa anasuka nywele za mwingine.

Nani aliwaambia? Niliwatazama watu wangu kumi mmoja mmoja. Nilimshuku fundi, kwa sababu mdomo wake hauna mlango. Nilimshuku hata mke wangu. Ilikuwa ndiyo hali yetu siku hizo. Shefu wetu alinishuku mimi, mimi nilimshuku kila aliyewahi kula mkate wa ng'ambo, na wote tulikuwa tumeula.

Aliyezungumza alikuwa yule mwanamke aliyetushikisha godoro.

"Yaya," alimwambia shemeji, "tunakupenda. Lakini hii maji itarudi kwetu."

"Kura yenu imeenda ng'ambo," alisema shemeji. "Munajua?"

"Tunajua. Kura itakuya tena siku ingine. Godoro itaoza leo."

"Ni nyiye mulinisukuma niweke jina."

"Ni siye."

"Nilikataa mara mbili."

"Ni kweli, ulikataa."

"Na sasa munanikalia njia."

"Tunakukalia, yaya. Utusamehe."

Mwingine, aliyekuwa anasukwa, akasema bila kuinua kichwa: "Na hata chumba yako weye iko kule kule na zetu. Ao umenunua ghorofa hatujui?"

Walicheka, na shemeji naye, bila kutaka, akacheka. Kisha uso wake ukarudi. Alitazama mawingu. Alitazama magunia yetu. Nilikuwa na chepe mkononi, na nilikuwa na hoja: kwamba mtu wa depo ametununua kwa mkate, na kwamba tukikubali mara hii atajua bei yetu. Bado naamini hoja hiyo ilikuwa sahihi. Nilifungua mdomo kuisema.

"Shemeji, turudi," alisema yeye, na akalichukua chepe mkononi mwangu. "Nikifunga hapa nitakuwa mushauri wa batu wenye kulowana."

Mvua ilinyesha mchana ule. Nyumba zilibaki kavu, na yangu pia.

Kampanye aliifanya, kwa sababu hakutaka kuwaachia wanawake wa soko aibu ya kumwona amejificha. Alipanda pikipiki, aligawa picha, alisema habari za chekechea. Siku ya kura sisi tulivuka ubao kwenda kwenye shule ya ng'ambo. Yeye mwenyewe alivuka pamoja nasi, maana anakaa kwetu. Aliingia nyuma ya kadibodi, akasimama mbele ya mashini ya kupigia kura, akapitisha kidole juu ya sura zote. Alipotoka alituambia: "Nimetafuta ile sura yangu mu mashini, nikasema labda batajisahau. Haiko."

"Ulichagua nani?" fundi alimuuliza.

"Ile ni siri ya mutu."

Wengi wa kule chini walimpigia mwenye depo. Hawakuficha. Walisema yeye ndiye aliyekausha nyumba zao, na ni kweli, machepe yalitoka kwake. Alipata kiti. Shemeji alishindwa, na kura alizokosa ni chache kuliko zile ambazo upande mmoja tu wa avenyu yetu ungeweza kumpa.

Shefu wa ng'ambo sasa ndiye shefu wetu. Jumamosi ya kwanza chini yake hapakuwa na mkate wala chai, na salongo iliisha saa nne. Nilimkuta pembeni ya mfereji, kwenye ile kona. Maji yalikuwa yameanza kula ukingo, kama nilivyosema.

"Shefu," nilimwambia, "hapa hakuna jiwe. Nilipiga nondo."

Aliiangalia kona kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alijua. Huenda na yeye alipewa kamba tu.

"Muzee," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu, "ulichimba na siye tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama ulijua, si ungesema? Sasa njoo Jumamosi uongeze udongo hapa, kabla uzio ya mwalimu haijaanguka."

"Uzio ya mwalimu iko komini ingine."

"Basi bale bataongeza wenyewe," alisema, akaenda zake.

Baada ya matokeo shemeji alikuja nyumbani, akaniomba nimpigie hesabu ya gharama zake, kwa kuwa wanawake wa likelemba walitaka kujua pesa za zamu ile zimekwenda wapi. Alinitajia moja moja: kosyo, picha, mafuta ya pikipiki, soda za wanawake wa soko siku ya kufunga kampanye. Nilipomaliza aliniambia nitoe magodoro katika hesabu.

"Magodoro gani?"

"Yenye haikuoza mwaka huu. Toa na mabati yenye haikutobolewa na batu kupanda juu kukimbia maji. Si tuliokoa kitu?"

Nilimwambia magodoro si yake, ni ya kila mwenye nalo, na hesabu aliyoniomba ni yake. Hakubaliani nami hata leo. Niliacha hesabu kama ilivyokuwa, dola mia tatu na kumi na mbili.